Ombi la Chini ya Daraja

Kijiji kizima cha Aldewier kilijua mambo matatu juu ya Wobbe Hiemstra: ana ng'ombe arobaini wa maziwa, ni mzee wa kanisa, na sala yake ya mezani ni ndefu mpaka viazi vinapoa. La nne alilijua mwenyewe, na mkewe Hiske alilihisi kwa mbali. Alimwonea wivu jirani yake Gosse. Si wivu wa kupita, la. Wivu wa kumkosesha mtu hamu ya chakula, na yeye ana miaka sitini na miwili!

Gosse ni nani, basi? Fundi baiskeli tu. Karakana yake imepakana na zizi la Wobbe. Mungu hamjui, au ndivyo asemavyo. Jumapili wenzake wakipita na nguo zao nyeusi kwenda ibadani, yeye amekaa dirishani na kahawa yake na gazeti, anawapungia mkono. "Mniombee na mimi!" anapaza sauti. Watu hucheka. Hata Mchungaji hucheka. Wobbe hacheki ng'o.

Maana hebu fikiria. Wobbe na Hiske walimwomba Mungu mtoto kwa miaka kumi na moja. Walipiga magoti mpaka zulia la chumbani likatoboka, na jibu likawa kimya. Gosse, ambaye hakumwomba mtu chochote, alipata mabinti watatu kama mchezo, na sasa wajukuu wanajaa uani kwake wakipiga kelele kutwa. Nywele anazo zote. Magoti hayamuumi. Akija kununua maziwa anamtupia Hiske neno moja tu, "Shemeji, leo umependeza kuliko ng'ombe wako wote," na Hiske anacheka, kicheko kile cha usichana wake, ambacho mezani pa Wobbe hakijasikika tangu sijui lini. Wewe usingeona gere?

Mwaka ule baridi ilikuja kwelikweli. Mfereji unaopita kijijini uliganda siku tisa mfululizo, na Alhamisi wenye chama cha barafu, wale wanaosimamia mchezo wa kuteleza, wakapima unene wake, wakatangaza: ruksa. Basi tena! Shule zikafungwa, karani wa posta akaacha barua, kila mwenye miguu akavaa viatu vyake vya vyuma na kuingia kuteleza. Karibu na daraja likasimamishwa hema, na Hiske akawa ndani yake anauza chokoleti ya moto na supu ya njegere.

Sasa, jambo moja linajulikana hata kwa mtoto wa miaka minne: chini ya daraja hupiti. Barafu ya pale haikomai. Ndiyo maana watu hutandika mazulia makuukuu ukingoni. Ukifika unapanda juu, unatembea na vyuma vyako miguuni kama bata, unashukia upande wa pili. Wobbe mwenyewe ndiye aliyeyatandika mazulia asubuhi ile.

Alikutana na Gosse kwenye kinu cha upepo, hatua chache kabla ya daraja, bila kutaka. Gosse alikuwa mbele, mikono nyuma, anapiga mluzi.

"Njoo basi, mzee wa kanisa! Au unasubiri kibali kutoka juu?"

"We tangulia tu. Kuna mahali utafika kabla yangu, na si pazuri."

"Angalau kuna joto!" Gosse akajibu, na waliosimama darajani wakaangua kicheko. Hiske alikuwa miongoni mwao, upawa mkononi, amecheka mpaka kofia imemwangukia machoni.

Kicheko kile ndicho kilichomponza. Wobbe alimwona Gosse akipunguza mwendo na kuinua mguu apande kwenye zulia, na moyo ukamwambia: leo hunitangulii. Akainama, akajisukuma kwa nguvu zake zote za mwisho, akapita moja kwa moja chini ya daraja. Mtu mzima! Mzee wa kanisa!

Barafu haikumpa hata nafasi ya kujuta. Akazama mpaka shingoni. Gosse alikuwa amekwisha kugeuka. Alijitupa kifudifudi, akatambaa chini ya daraja na kumrushia ncha ya skafu yake, na pale alipolala pakavunjika pia. Wakawa wawili majini, bega kwa bega kwenye giza la lile daraja, wameshikilia ukingo unaomeguka kama biskuti kila wakiuegemea.

Miaka yote Wobbe alikuwa amejiuliza ataomba nini siku yake ikifika. Alikuwa na zaburi tayari. Ilipofika, maji yale yalimkata pumzi, na pumzi iliporudi ilirudi na matusi. Aliyatukana maji, akalitukana daraja, akawatukana wenye chama cha barafu na mama zao. Maneno ya zizini, ambayo hakujua kama anayo. Kisha akamtukana Aliye juu, kwa sauti, na ukuta wa daraja ukamrudishia.

Matusi yakamwishia. Vidole havikuwa vyake tena. Akageuza macho na kumwona Gosse pale karibu, kofia bado kichwani, nywele zile zote bado ndani ya kofia, na mdomo wake ukasema kwa sauti ya chini, bila kumshauri:

"Bwana, kama lazima umchukue mmoja, mchukue huyu."

Gosse alimtazama. Kisha akafumba macho na kuanza kusema Baba Yetu. Aliisema kwa nguvu, sauti imekwaruza kwa baridi, tena kwa lugha ya nyumbani, ile ambayo mama huwafundishia watoto kitandani, si ile ya kanisani. Alipofika mwisho alianza upya. Alikuwa ameianza mara ya tatu wakati Durk mwokaji mikate alipowafikia kwa tumbo, akisukuma ngazi mbele yake na kamba kiunoni.

Kijiji hakikuhitaji kuuliza. "Kulikuwa na mmoja anaomba na mmoja anatukana," Durk alisimulia dukani, akiwafungia watu mikate. "Sikuona nani ni nani, kule chini giza na sauti zinagongana. Ila jamani, hilo nalo la kuuliza?" Na Gosse, alipotaniwa, alicheka tu. "Nilitukana kweli," alisema. "Hata samaki wameziba masikio."

Wobbe alilazwa nyumbani chini ya mablanketi manne. Ijumaa Hiske alimletea supu, na badala ya kuweka bakuli na kuondoka, akakaa kitandani. Akamshika mkono. Wobbe hakukumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini.

"Nilikusikia," Hiske alisema. "Nilikuwa juu yako pale, nimelala darajani, sikio kwenye mbao. Wobbe, sitakuficha. Sala zako za mezani, mimi huwa nafikiria viazi. Lakini ile... Sikuijua hata sauti yako. Sijawahi kukusikia hivyo. Nililia kama mtoto."

Alikuwa analia tena. Wobbe alitazama kile kiganja kilichomshika na akaona uchungu ambao hakuwa ameuona hata majini. Mkewe alikuwa amependa upya baada ya miaka thelathini na sita, na aliyependwa alikuwa Gosse. Akanywa supu.

Jumamosi alivaa koti akaenda karakana. Gosse alikuwa amepachika baiskeli kichwa chini, anazungusha gurudumu.

"Kwa nini hukuwaambia?" Wobbe aliuliza mlangoni.

"Niwaambie nini?"

"Kwamba wewe ndiye uliyeomba."

"Na nani ataniamini?" Gosse hakuinua macho. "Chukua wewe hilo ombi. Mimi sina pa kulitumia."

Kama mtu anavyokugawia koti lililombana! Kitu ambacho Wobbe amekililia maisha yake yote, mwenzake anakitoa bure, kimemjazia nafasi. Akaingia hatua moja ndani.

"Hivi ulimaanisha, au ulikuwa unabwabwaja tu?"

Gosse akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Nilikusikia, Wobbe. 'Mchukue huyu.' Nilikuwa na maji masikioni, lakini hilo nililisikia vizuri."

Wobbe akatafuta mahali pa kukaa, akakosa.

"Nikajisemea, Gosse, umekwisha. Mimi huyo Mungu wako simwamini. Lakini wewe nakuamini. Miaka sitini unaomba, mara tatu kwa siku, mpaka chakula kinapoa. Kama kuna mtu hapa Aldewier ombi lake linapita bila kupanga foleni, ni wewe. Nikaona nisipowahi na langu, naenda kweli. Na mimi najua moja tu, lile la mama."

"Kwa hiyo ulijiombea nafsi yako."

"Nilianza hivyo, kwa nini nikudanganye? Ila ile sala haina mahali pa mtu kujiombea peke yake. Nikakuta na wewe umo."

Uani watoto walikuwa wanagombania toroli.

"Na ulipoomba," Wobbe aliuliza, na sauti ilimtoka ndogo, "ulihisi chochote?"

"Unataka kweli?"

"Niambie."

"Nilihisi kama mtu amekuja akakaa karibu. Basi, hivyo tu. Halafu Durk akaleta ngazi." Gosse alimwona uso ulivyombadilika, akaongeza haraka, "Labda ni baridi, jirani. Baridi inaleta mengi kichwani."

Wobbe alirudi nyumbani kupitia zizini, akasimama kati ya ng'ombe wake. Miaka sitini hakuna aliyekuja kukaa. Aliomba mtoto, hakuna aliyekuja. Aliposimamia jeneza la baba yake, hakuna. Na yule anayekunywa kahawa dirishani kaita mara moja, tena kwa hofu ya jirani, akaitikiwa papo hapo. Wobbe alichukua ndoo akaipiga teke mpaka ukutani, na ng'ombe wote arobaini wakageuka kumtazama.

Jumapili kanisa lilifurika. Mchungaji alikuwa amemwomba Mzee Wobbe asimame atoe ushuhuda. Hiske naye alikuwa amemwalika Gosse, na Gosse alikuja, jamani, mara yake ya kwanza tangu mazishi ya mama yake, amekaa benchi la nyuma na tai ya mkwewe shingoni.

Wobbe alisimama. Alishika benchi la mbele yake.

"Aliyeomba chini ya daraja ni Gosse," alisema. "Aliyetukana ni mimi."

Kanisa lilicheka. Kwa upole, kwa mapenzi, lakini lilicheka. "Tazameni unyenyekevu wa mtu huyu," Mchungaji alisema, macho yamemlowa. "Anampa jirani yake hata sala yake." Vichwa vikageukia nyuma, na Gosse akainuka nusu.

"Mimi? Niombe? Wobbe, yale maji yamekuingia kichwani." Kicheko kikawa kikubwa zaidi.

Wobbe angeweza kukaa. Amekwisha kusema kweli. Wasipoamini, kosa si lake. Sala ingebaki kuwa yake na mke angebaki kuwa wake. Alianza hata kukunja magoti. Na hapo Hiske akaunyoosha mkono wake na kumshika, mkono ule ule wa Ijumaa, wenye joto lile lile. Hakuweza. Bora asipendwe kabisa kuliko kupendwa kwa jina la Gosse.

Akasimama tena.

"Na mimi niliomba," alisema. "Nilisema hivi: Bwana, kama lazima umchukue mmoja, mchukue huyu. Yule pale nyuma. Aliyeingia majini kuniokoa. Hata sikumtaja jina."

Hakuna aliyecheka. Watu walimgeukia Gosse wasikie utani wake, na Gosse alikuwa anatazama viatu vyake. Basi wakajua.

Hiske aliuondoa mkono wake. Alifungua mkoba, akatoa peremende kama kila Jumapili wakati wa mahubiri, akaweka moja mdomoni mwake, akafunga mkoba. Ya Wobbe, ambayo hakuwahi kuikosa, haikutoka.

Walirudi nyumbani. Hiske aliandaa meza: viazi, kabichi, kipande cha soseji. Alikaa. Wobbe akakunja mikono na kuinamisha kichwa, na hakuna kilichotoka.

"Omba," Hiske alisema.

"Siwezi."

"Miaka kumi na moja tulimwomba mtoto, na wewe ulikuwa unamhutubia. Eti kama ikikupendeza, eti kwa hekima yako. Hukulia hata siku moja. Mimi nililia peke yangu jikoni, nikidhani wewe hutaki." Alisogeza uma wake. "Majuzi ulimwambia kitu unachokitaka kweli. Kibaya, ndiyo, na sijui kama nitakusamehe. Lakini ulimwambia. Haya, sema sasa. Usimpambie."

Wobbe alifumba macho. Nyuma ya ukuta wajukuu wa Gosse walikuwa wanacheka.

"Bwana," alisema, "yule aliyekuja kukaa na Gosse. Na mimi namtaka."

Alisubiri. Kisha akafungua macho, kwa sababu hapakuwa na lingine la kufanya.

"Amina," Hiske alisema. Hakumshika mkono. Alimpakulia viazi, na vilikuwa bado vya moto.