Kushuka Bila Kukanyaga

Kuna watu wakiona njia huuliza inaenda wapi, na kuna watu wakimwona mtu njiani huuliza amebeba nini. Nyumba ya Dada Mkubwa ilijaa hao wa pili. Hawakuwa watu wabaya. Wangekuwa wabaya, kisa hiki kingekuwa kifupi na mwenye kosa angejulikana mapema.

Dada Mkubwa alikuwa dobi katika hospitali kubwa ya mji, na jina lake alilipata kwa jasho. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyebaki na wadogo zake wawili. Akawalisha, akawasomesha, akamwoza yule wa kiume, na yule wa kike, kitindamimba, bado alikuwa ndani anasubiri mambo yake yakae sawa. Siku zake mwenyewe za kuolewa zilipita akiwa jikoni anakoroga uji wa mtu mwingine. Mtaa mzima ukamwita Dada Mkubwa, hata wazee waliomzidi umri.

Kule dobini, mashine ya kunyoosha mashuka ilikaa mbele ya dirisha, na dirisha lilitazama barabara inayoteremka kutoka mlimani, kule juu lilikojengwa tangi la maji la mji. Mwisho wa juma, alasiri, kundi la waendesha baiskeli lilikuwa likishuka hapo, watu wenye kofia ngumu na kaptura za kubana zilizowafanya wenzake wafunike midomo kwa ncha za mashuka. Dada Mkubwa hakuwa na habari na kaptura. Aliangalia miguu. Ilikuwa imetulia kabisa. Watu wale walikuwa wanakwenda kasi ya kutisha na miguu yao haikuwa ikifanya kazi yoyote. Yeye aliyesimama tangu alfajiri, vidole vimechubuliwa na sabuni kali, aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona tangu azaliwe: watu wazima wanabebwa.

Basi akakitaka kitu hicho. Alitaka kupanda mpaka tangini na kushuka mara moja tu bila kukanyaga, barabara imbebe mpaka chini. Alikitaka kwa nguvu hata akajionea haya, maana mtu wa umri wake alitakiwa awe anataka blanketi zito na watu wa kumwamkia.

Baiskeli nzima hakuiweza. Fremu aliipata kwa muuza vyuma chakavu, ikiwa na kutu mpaka rangi yake ya kwanza haikujulikana. Gurudumu la nyuma lilitoka kwa jirani aliyehama, la mbele likapatikana baada ya muda mrefu, na halikulingana na mwenzake. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kilichukua mwaka na zaidi kujaa. Fundi wa baiskeli wa pale kwenye kona, mwembamba hata watu wakamwita Spoku, ndiye aliyeviunganisha.

"Dada, hii baiskeli ina ukoo mkubwa kuliko wako," Spoku alisema siku ya kumkabidhi. "Hakuna kitu humu ndani kinachojuana na kingine."

"Watajuana njiani."

"Breki ya nyuma inashika. Ya mbele inategemea imeamkaje."

Alijifunza kuendesha kwenye uwanja wa kuanikia nguo nyuma ya jengo la dobi, katikati ya kamba na kamba. Alianguka sana. Siku moja aliangukia mashuka ya wodi nzima, safi, yaliyokuwa yanakaribia kukauka, akayafua upya peke yake huku wenzake wakimwita dereva. Hakununa. Alipoweza kuzunguka uwanja wote bila kuweka mguu chini, alicheka peke yake kati ya mashuka mpaka akatokwa na machozi.

Jumapili yake ya mapumziko ilipofika, akabana suruali kwa vibanio vya nguo, akafunga kitambaa kichwani, akaitoa baiskeli uani. Mdogo wake wa kiume alikuwa ameketi mlangoni. Alikuwa mchomeleaji, mtu wa mageti na madirisha.

"Unaenda wapi, Dada?"

"Naenda kuendesha."

"Kuendesha kwenda wapi?"

"Mlimani. Kwenye tangi."

"Kuna nani huko?"

"Hakuna mtu."

Mchomeleaji akamtazama mkewe, mkewe akamtazama kitindamimba. Mwanamke aliyekaa nyumbani miaka yote amejifunga kitambaa kipya, anapanda mlima usio na mtu. Wifi yake akasema taratibu, kama anayepuliza chai:

"Si vibaya, wifi. Kila mtu na bahati yake. Ungetuambia tu, na sisi tumjue."

Uso ulimwaka Dada Mkubwa. Alitafuta maneno ya kueleza habari ya miguu iliyotulia, akaona kila neno likitoka litazidi kumharibia. Hapo kitindamimba, ambaye hakuwa hata anasikiliza vizuri, akasema, "Dada, kama unatoka, si unichukulie gauni langu kwa fundi cherehani?"

"Nitakuchukulia," akajibu haraka, kama mtu aliyetupiwa kamba mtoni.

Nyuso zote zikatulia. Kumbe ana safari ya maana. Mchomeleaji akasogeza miguu baiskeli ipite. Fundi cherehani alikaa upande mwingine kabisa wa mji, na gauni halikuwa tayari, akangoja. Aliporudi, jua lilikuwa limeshazama nyuma ya tangi. Alijiambia ni siku moja tu, mlima hauhami.

Mlima kweli haukuhama. Zilizohama ni Jumapili zake. Kamba ile aliyoidaka kwa furaha ilikuwa imemzunguka kiunoni na hakujua. Tangu siku ile ikajulikana kwamba Dada Mkubwa ana baiskeli na hutoka nayo, na mtu anayetoka hatoki bure. Kwa kuwa unatoka, pitisha dawa hii kwa shangazi. Kwa kuwa unapita kule, mwambie fundi bomba tunamngoja. Jirani akaleta pasi mbovu, jirani wa jirani akaleta viatu vya kushonwa soli. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na usufi huo aliuning'iniza kwenye usukani, kulia na kushoto, mpaka baiskeli ikawa inayumba kama imelewa. Kila alipokata kona ya soko aliuona mlima mara moja, kisha majengo yakauziba.

Siku moja alijaribu kukataa. Aliamka amekaza moyo, akasema mbele ya wote, "Leo siendi popote. Naendesha tu."

"Kama huendi popote, si ndiyo una nafasi," wifi yake akasema, tena kwa upole kabisa. Akamwekea mikononi bakuli la kurudisha kwa mama yake.

Ungemjibu nini mtu wa namna hiyo? Mimi ningejua cha kumjibu, lakini mimi sikumlea mume wake. Dada Mkubwa alichukua bakuli.

Lakini walimpenda, hilo nalisema wazi. Walimwona anavyohangaika na mizigo kwenye usukani, na siku moja nusura aingie chini ya lori kwa sababu ya mfuko wa makaa. Mdogo wake hakulala vizuri usiku ule. Wiki nzima alichelewa kurudi kutoka karakana, na kwa kuwa Dada Mkubwa alikuwa akienda kazini kwa miguu, hakugundua kuwa baiskeli haipo uani. Jumapili asubuhi wakamwita nje, wamejipanga wote, kitindamimba amemfunika macho kwa viganja.

Alipofumbuliwa macho, aliona keria. Ilikuwa keria ya chuma cha pembe, mabaki ya mageti, pana na nzito, yenye kingo pande tatu na mipira ya tyubu ya kufungia mzigo. Mbele palikuwa na kikapu cha nondo. Vyote vilipakwa rangi ya fedha, na kitindamimba alikuwa ameshona mto mdogo juu ya keria kwa ajili ya kubebea mtoto wa wifi.

"Hii haing'oki, Dada," mdogo wake alisema, akiitikisa kwa mikono miwili na baiskeli nzima ikatikisika nayo. "Sikufunga kwa nati. Nimeichomelea kwenye fremu. Utaizeekea."

"Kutoa ni moyo," wifi yake akasema. "Wewe umetubebea sana."

Dada Mkubwa alilia. Wakamkumbatia, wakajua amefurahi. Na ndani ya kile kilio furaha ilikuwemo kweli, ndilo lililokuwa baya zaidi. Tangu mama yao afariki hakuna aliyewahi kumtengenezea kitu kwa mikono yake. Aliishika ile keria, ikiwa bado inanuka rangi, akajua kwamba jambo lake limekwisha, na kwamba limekwisha kwa kupendwa, hivyo hapakuwa na wa kumlalamikia.

Spoku alipoiona hakutania. Aliinyanyua nyuma kidogo, akaishusha. "Hii sasa ni ya kubeba," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Hata hivyo siku moja ikajileta yenyewe. Mama yake wifi alihamia nyumba iliyo chini kabisa ya mlima, na Jumapili hiyo Dada Mkubwa alitumwa kumpelekea mashuka. Yule mama alikuwa na wageni, akayapokea mlangoni, akashukuru, akafunga mlango. Dada Mkubwa akajikuta amesimama barabarani mchana mweupe, keria tupu, kikapu kitupu, na barabara ya mlimani inaanzia miguuni pake.

Hakufikiri mara mbili. Alikanyaga mpaka kwenye kona ya kwanza, kisha uzito wa chuma ukamshinda, akashuka akaisukuma. Aliisukuma akiwa ameinama, kifua kinamuuma, jasho linamwingia machoni. Alipumzika, akasukuma tena. Alicheka pia, peke yake, kwa pumzi fupi fupi. Alipofika juu miguu ilikuwa inatetemeka. Tangi lilikuwa kubwa kuliko alivyolidhania, na barabara ililala chini yake yote, kona moja baada ya nyingine, nyeupe kwa jua, mpaka kwenye paa la dobi lililoonekana dogo kabisa kule chini. Aligeuza baiskeli. Akapandisha mguu mmoja juu ya tandiko.

"Mama," sauti ikamwita.

Mlinzi wa tangi alikuwa anatoka kwenye kibanda chake, mtu mpole aliyechoka kukaa peke yake, kuku wawili watatu wakimfuata.

"Karibu, mama. Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa."

"Umeleta nini basi?"

"Sijaleta kitu."

Mlinzi akaitazama ile keria, akarudi kumtazama yeye. "Na keria yote hiyo?"

Dada Mkubwa alihisi lile joto la siku ya kwanza likimpanda usoni. Mlinzi, kwa kumwondolea mgeni aibu, akarudi kibandani na kutoka na trei la mayai.

"Kwa kuwa unashuka," alisema, "mke wangu anakaa nyumba ile ya mwisho wa mteremko, mlango wa bluu. Mayai yananiharibikia huku na mimi siwezi kuacha lindo. Lakini kama una haraka..."

Hakumlazimisha. Alikwisha hata kuanza kurudisha trei nyuma. Ingetosha kunyamaza.

"Lete," Dada Mkubwa alisema. Mdomo wake ulisema kabla yeye hajaulizwa.

Walilifunga pamoja kwa mipira ya tyubu, juu ya ule mto wa kitindamimba. Akapanda, akaiachia baiskeli kidogo, mayai yakagongana. Akafunga breki, akashuka. Hapakuwa na namna.

Akauteremka mlima kwa miguu, mkono mmoja kwenye breki ya nyuma, mwingine juu ya trei. Baiskeli ilitaka kwenda. Kwa ule uzito wa keria ilimvuta begani kila hatua, magurudumu yake yasiyolingana yakinung'unika, na yeye ndiye aliyeizuia, kona moja baada ya nyingine. Katikati ya mteremko alisikia mlio nyuma yake, akasogea pembeni. Kundi la kofia ngumu likampita, upepo wao ukamgusa shavuni, miguu yao imetulia. Wa mwisho alimpigia kengele ya salamu. Yeye hakuwa na mkono wa kumpungia.

Mke wa mlinzi alilipokea trei mlangoni, akaligeuza huku na huku akitafuta ufa.

"Hata moja halijavunjika," alisema kwa mshangao. "Wote anaowatuma hunivunjia. Jumapili ijayo utapita tena, mama?"

Dada Mkubwa aligeuka akautazama mlima, kisha akaanza kufungua vibanio kwenye suruali yake, maana njia ya nyumbani kutoka hapo ilikuwa tambarare, na baiskeli angeikokota tu.

"Nitapita," akasema.