Tuntufye Alikuwa wa Nani

Enzi zile za ruksa, maduka ya Kyela yalipoanza kujaa tena sabuni na vitenge, Mansuri alikuwa na usemi mmoja aliowachosha nao wateja. Dini zote ni moja, alisema, tunagombania majina tu. Na haki ya kusema alikuwa nayo, maana yeye Mwislamu, baba yake mtu wa Kilwa, alimwoa bomani Tuntufye, Mlutheri wa Matema, na hakuna aliyemgeuza mwenzake. Walikaa hivyo miaka kumi na tisa, sahani moja, na aliyewauliza aliishia kuchekwa.

Sasa Tuntufye alikuwa amekufa. Malaria ilimchukua alfajiri, siku mbili tu tangu alalamike kichwa. Mansuri alikaa jamvini barazani, mvua ikinyesha, maneno ya watu yakimfikia kutoka mbali sana. Mara mbili alimwona mkewe akikatiza uani na ungo wa mchele, akiuliza watu wote hawa wamealikwa na nani. Mara mbili alifungua mdomo amjibu.

Ambilikile, kaka wa marehemu, alikuwa amefika na lori kutoka Matema kuomba amrudishe dada yake, akalale pembeni ya mama yao karibu na kanisa. Mansuri akakataa katakata. Kaburi lingechimbwa kwenye makaburi ya Waislamu, palepale ambapo yeye mwenyewe angezikwa siku yake ikifika, wakae pamoja. Si dini zote ni moja?

"Kama ni moja, shemeji," Ambilikile alisema taratibu, "mbona isiwe ya kwetu?"

Hapo Mansuri alikasirika.

Shehe Haruni ndiye aliyewatuliza. Maiti haigombaniwi, alisema, ila na yeye hawezi kumsomea mtu dua asizozitaka. Akamgeukia mfiwa. "Nakuamini wewe, Mansuri. Mkeo alitamka shahada?"

Neno moja tu lilitakiwa. Akisema ndiyo, wanawake wataingia kuosha, na ikifika alasiri Tuntufye atakuwa wake moja kwa moja. Nani angebisha? Mtaa mzima ulijua kwamba mwaka juzi alifunga Ramadhani yote, siku thelathini, bila kuonja maji.

Lakini mwenyewe huyo hapo tena, ameegemea mlango wa jiko kama asubuhi ile ya Idi. Mansuri alikuwa amemwambia kwa furaha kwamba sasa ameshakuwa mtu wetu. Tuntufye akatua bakuli la tambi. Nimefunga kwa sababu nakupenda, akasema, usiniandikie mengine. Na wewe Jumapili moja twende wote. Mansuri akamwambia ya nini kujisumbua, yote si yale yale, akaenda kufungua duka. Siku ile alijiona muungwana kweli. Leo aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Hapana," alisema. "Hakutamka. Alikuwa Mkristo."

Shehe aliinamisha kichwa, akamwombea subira. Ambilikile aliushika mkono wa shemeji yake kwa mikono yake yote miwili. "Ndaga," alisema, asante ya kwao, kisha akalia.

Kesho yake Matema milima ilikuwa imezama kwenye ukungu, na juu ya ziwa wadudu walikuwa wakipanda kama moshi wa jikoni. Mansuri aliingia kanisani kwa mara ya kwanza maishani mwake, kofia kichwani, na hakuna aliyemwambia aivue. Kwaya ya Kyela, ile aliyokuwa akiimbia Tuntufye, ilisimama. Mstari wa pili, kati ya wanawake wawili, walikuwa wameacha nafasi ya mtu mmoja.

Wimbo ulianza vizuri. Ulipofika katikati ukapwaya, na kanisa zima likaangua kilio, kwa kuwa kila mtu alijua ni nani aliyekuwa akipashika pale. Mansuri alisikiliza kwa nguvu zake zote. Kisha akainama sikioni kwa Ambilikile.

"Alikuwa anaimba sauti gani?" akamwuliza.