Vifua Viwili Kwenye Mashine

Hospitali ilikuwa na picha za vifua elfu themanini, zote zimebanwa kwenye kompyuta ili zisile nafasi. Ukitaka picha inayofanana na nyingine, ilibidi mashine ifungue moja moja, na wewe usubiri mpaka uote mvi. Sasa fundi wa kompyuta kaja na programu isiyofungua kitu. Inalinganisha zile namba zilizotumika kuzibana, basi.

"Nipe picha yoyote, dada," akamwambia mpiga eksirei, mwanamke mbishi kupita kiasi.

Akampa ya baba yake, ya wiki iliyopita, yenye uvimbe kwenye pafu. Baba alikuwa apasuliwe saa nne, na ilishatimu saa tatu na nusu. Maskini dada wa watu, alikuwa anatafuta chochote cha kumshughulisha asilie.

"Haya, nitafutie ya mwaka jana. Tuone kama inamjua baba yangu."

Kufumba na kufumbua, jibu hilo hapo! Mbavu zile zile, hata ule mmoja uliowahi kuvunjika ukaunga kombo. Jina: la seremala fulani.

"Programu yako mbovu," akacheka. "Baba hajavunjika ubavu tangu azaliwe."

Kicheko kikamkatika. Kama hajavunjika, huu ubavu kwenye picha yake umetoka wapi?

"Ingiza ya seremala, ya siku ile ile," akasema.

Fundi akaingiza. Picha safi, haina doa. Mashine ikaleta ya baba, ya mwaka jana.

Mama yangu! Akakumbuka yote. Seremala ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, na jina lake lilishaandikwa kwenye mashine. Ndipo akamwona baba yake amesimama mlangoni, akamwita: "Pita wewe kwanza, baba." Jina hakulibadilisha, na seremala alipoingia akapigwa kwa jina la baba. Upendeleo wa dakika tano tu, jamani!

Alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki ukumbini. Kitanda cha baba kilishafika mlango wa chumba cha upasuaji.

"Simamisheni! Huyu hana uvimbe! Picha nimezichanganya mimi!"

Daktari akamkodolea macho. Baba akainua kichwa. "Mwanangu, una wazimu?"

"Heri ningekuwa nao, baba." Akamshika mkono, akalia mbele ya watu bila haya.

Kisha akampigia simu seremala. Nyuma ya sauti ya seremala nyundo zilikuwa zinagonga.

"Mtaalamu! Tangu mniambie niko safi nimerudi kwenye mapaa. Hata hiki kikohozi sikijali tena."

"Shuka, kaka yangu. Njoo leo hii. Ile picha safi haikuwa yako. Kosa ni langu."

Nyundo zikanyamaza.

"Mimi nilikuwa wa kwanza siku ile," seremala akasema taratibu. "Nilimpisha mzee kwa sababu uliniomba."