Usukani Unaokunywa Maji

Ndiyo, wewe. Ulipita makumbusho ya vyombo vya majini, ukaliona tangi kwenye karakana ya nyuma, ukageuza shingo ukaenda kupiga picha na nanga. Sasa kaa usikilize.

Ndani ya tangi kulikuwa na usukani wa kivuko kilichozama, ule ubao mkubwa wa nyuma unaogeuza chombo. Ubao uliokaa miaka chini ya maji ukikauka ghafla hupasuka, kwa hiyo mhifadhi wa makumbusho, mama mmoja, aliulea majini kama mtoto njiti. Alikuwa na sababu. Siku ya ajali usukani ule aliushika baba yake, na wenye kivuko wakatangaza kwamba alikuwa amelewa. Mtu ambaye hata soda ilimpa kiungulia! Na ubavuni mwa ubao kulikuwa na ufa wa zamani, wameushona kwa waya, wao wenyewe, ili safari zisisimame. Ubao ukisambaratika, ushahidi kwisha.

Mkurugenzi akaingia, tai imemkaba. "Mama, toa hicho kitu. Waandishi wanakuja, tunazindua ukumbi mpya."

"Kitakauka, bosi."

"Kikauke kidogo tu! Nani anapiga picha na tangi?"

Wakautoa, wakauweka chini ya taa kali kama jiko. Hotuba zikaanza, na unajua hotuba zetu. Mhifadhi akaona ubao unapauka. Akavumilia, akashindwa. Akabeba ndoo na kata, akakatiza mbele ya mgeni rasmi, akaumwagia usukani maji.

Mkurugenzi macho yamemtoka.

Mgeni rasmi akavua kofia, akanyoosha mkono. "Naomba na mimi."

Akamwaga kata moja, akainamisha kichwa. Basi! Waheshimiwa wakapanga foleni kwa vyeo. Mke wa mfadhili akatoa machozi. "Mheshimiwa, rudia," mpiga picha akasihi, "maji hayakuonekana." Mkurugenzi, asije akaonekana hana uchungu, akamwaga ndoo nzima na kulowesha viatu vyake.

"Mama," akanong'ona, "mbona hukuniambia kuna sherehe ya kumwaga maji?"

"Hukuuliza, bosi."

Mwandishi mmoja aliyeinama kumwaga akauliza, "Huu waya wa nini?" Mhifadhi akamweleza yote, kwa sauti, mbele ya vinasa sauti: baba yake, wenye kivuko, ule ufa.

Kesho yake gazeti likatoa picha ya viatu vya mkurugenzi. Kuhusu waya, hata mstari mmoja hakuna. Naye mkurugenzi, kichwa kimevimba, akaamuru usukani ubaki ukumbini. "Wageni watamwaga wenyewe!"

Walimwaga mwanzoni, wakachoka. Sasa mhifadhi anabeba ndoo peke yake, na taa zinawaka vilevile.

Ukumbi uko wazi hivi sasa. Nyanyuka! Ndoo iko mlangoni. Mwaga maji, kisha inama uutazame ule waya mpaka uushibe. Halafu mfuate mkurugenzi ofisini umuulize, mlango ukiwa wazi ili wote wasikie: usukani unarudi tangini leo, au leo?