Koti la Hakimu Damien

Haya, nitegulie hiki: wote wanakitafutia mkaaji, na kila mkaaji wanamwona ana doa. Umeshindwa? Kiti cha hakimu.

Jumapili moja ya mwaka 2017, huko Diepsloot, kitongoji chenye wahamiaji wengi kusini mwa Afrika, saluni ya Léocadie ilinuka dawa ya nywele. Wafanyabiashara walikaa kwenye viti vya kusukia, wakichagua hakimu wa chama chao. Makundi yalikuwa mawili: la Watanzania, la Othmani wa Tanga, na la Wakongo, la Gaston wa Uvira.

Aliyemhitaji hakimu ni Victorine, fundi cherehani. Alikwenda Uvira kumzika mama yake. Kurudi, akakuta kontena lake la kushonea lina kufuli jipya. Mbele Othmani ananyoa watu, nyuma Gaston amepanga vitenge. Hawasalimiani hao, lakini kontena wanagawana. Mwenye kiwanja alisema anamtii hakimu wa chama tu, na hakimu wa zamani alishafariki.

Kila jina la Gaston, Othmani alilikataa. La Othmani, Gaston akalitemea mate. Likabaki la Damien, mlinzi wa maduka mjini Randburg, Mkongo aliyekulia Kigoma.

"Huyu? Akimwona Mkongo tu, macho yanalowa," alisema Othmani.

Damien akayatoa macho, akayaweka kwenye sahani ya vibanio.

"Na masikio hayo ya Kigoma? Yanasikia Watanzania peke yao," alisema Gaston.

"Sharp," alikubali Damien, akayatoa.

Jumapili zilizofuata walidai ulimi, mikono, halafu kichwa. Mkewe alikuja na beseni, akakusanya.

"Msimcheleweshe," alisema. "Kesho ana zamu."

Kufika Pasaka lilibaki koti lake la kijivu tu, limekaa wima kitini. Makundi yote yakanyoosha mikono kulichagua, watu wazima na ndevu zao. Makofi yakapigwa, soda zikafunguliwa.

Victorine akasimama mbele ya koti, akaeleza yote, tangu msiba hadi kufuli. Kifungo kimoja kilikuwa kinaning'inia. Akakikaza kwa uzi, mazoea ya kazi.

"Papa Gaston, kaka Othmani," akauliza, "sasa nani ataniamulia?"

Gaston alikuwa anatafuta kifungulio cha soda. Watu walikunywa, wakaagana, Léocadie akafagia nywele. Victorine hakusogea. Othmani alipita karibu naye, akalipangusa koti vumbi begani.

"Hakuna, dada yangu," alisema. "Hapo ndipo tulipopatana."