Mvua Kwanza, Ekseli Baadaye

Athanas aliingia katika ukumbi wa parokia pale Kahama akiwa amevaa koti la marehemu kaka yake, na kichwani alikuwa na neno moja tu: ekseli.

Alikuwa fundi wa mikokoteni ya ng'ombe kule Ushirombo. Mbao alikuwa nazo. Lakini mwaka ule wa 1984 chuma kiliadimika, na karakana yake ilikuwa imelala tangu Kwaresima. Asipopata ekseli, Jumatatu angekwenda machimboni Geita, kuteremka katika shimo ambalo wachimbaji huliita duara. Kaka yake, Damian, alifukiwa humo humo. Bernadina, mkewe, alikuwa amemwambia, "Ukienda huko nitaanza kukulilia ukiwa hai."

Siku hiyo wafanyabiashara na mafundi wa wilaya walikuwa wamekusanywa wanywe chai na kufahamiana. Karibu na dirisha alisimama Bwana Maduhu, mwenye malori kule Isaka. Uani kwake ekseli za malori mabovu zilikuwa zikiota kutu.

"Usimrukie na shida zako kama inzi kwenye kidonda," alimnong'oneza Pantaleo, fundi cherehani waliyekuja naye. "Anza na mvua. Akichangamka, shuka kwenye ekseli."

"Na nisipoweza kushuka?"

"Basi utalowa."

Athanas akaomba kimoyomoyo, Bwana, nifungulie mlango, kisha akasogea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Ushirombo, mzee. Huko kwetu mvua imeanza vizuri."

Maduhu akaweka kikombe chini. "Kweli? Kwetu ni vumbi tupu!" Akaanza kueleza juu ya mvua za utotoni mwake, na ng'ombe wa baba yake, na lambo lililokuwa halikauki. Athanas akawa anaitikia, "Naam, mzee," akitafuta upenyo. Upenyo haukuja. Halafu mzee akasema kwa sauti ya chini, "Jumamosi iliyopita nilimzika mama yangu. Ardhi ilikuwa kavu, kaburi tulilichimba kwa mitaimbo."

"Pole sana, mzee. Bwana ampe pumziko la milele."

"Amina."

Athanas akajikaza. "Mzee, mimi ni fundi wa..."

Maduhu akamshika mkono. "Unajua, tangu nimeingia humu, kila anayenisalimia anataka kitu. Huyu matairi, yule dizeli. Wewe peke yako umekuja tuzungumze kama watu."

Lile neno likapanda hadi kooni, likakaa hapo.

Mara mtu mmoja wa Ushetu akapenya katikati yao, mdomo umejaa sambusa. "Mzee Maduhu! Zile ekseli zako za uani, nazitaka zote!"

"Njoo kesho uzibebe, uniondolee takataka. Sasa niache, nazungumza na mwenzangu." Akamgeukia Athanas. "Ehe, ulisema mvua imeanza lini?"

Athanas akamwambia.

Nje, Pantaleo alimwuliza, "Umeshuka?"

Athanas akatikisa kichwa.

"Mtu amekushika mkono muda wote ule! Mlikuwa mnaoana?"

Jioni Bernadina aliutazama uso wa mumewe. Akatandika mkeka, wakapiga magoti.

"Leo tuongoze wewe, Baba Coletha."

Athanas akakohoa kidogo. "Ee Mungu Baba, tunakushukuru kwa mvua."

Bernadina akasubiri. Mumewe akashukuru kwa mvua ya Ushirombo, akaombea mvua ya Isaka, akamwombea mama yake Maduhu, na ng'ombe wote wenye kiu. Jumatatu ilikuwa keshokutwa. Bernadina akafumbua jicho moja.

"Mwambie basi," akanong'ona.

Athanas akafungua mdomo.

"Amina," akasema.