Uzito wa Jina la Ratili

Jumatatu asubuhi fundi mizani alikuwa amefungua mizani ya muuza nyama na kuitandaza juu ya gazeti, skrubu kubwa upande mmoja, ndogo ndani ya kifuniko cha chupa, barua pepe ilipoingia kutoka kwa msajili wa jina la tovuti ya karakana. Alijifuta mafuta mikononi, akavaa miwani, akaisoma polepole. Ilisema mwenye jina amebadilishwa. Zamani alikuwa baba yake, sasa ni mdogo wake wa kiume. Kama mwenye jina hakubaliani na mabadiliko hayo, ajibu.

Alijibu. Aliandika kwamba hakubaliani, kwamba karakana anaiendesha yeye tangu mikono ya baba ilipoanza kutetemeka, kwamba tovuti aliijenga mwenyewe kwa kujifunza kidogo kidogo, na kwamba kila mteja anayeandika kwenye anwani ile hujibiwa na yeye. Msajili akajibu palepale, kwa adabu, kwamba pingamizi hupokelewa kutoka kwa mwenye jina wa zamani peke yake.

Mwenye jina wa zamani alikuwa kaburini.

Fundi akarudi kwenye kazi yake. Alipookota skrubu ya kwanza, jina lilitoka kwenye kompyuta likaanguka mezani.

Lilikuwa na ukubwa wa paka aliyeshiba, rangi yake shaba iliyochakaa. Halikuwa na macho, ila lilikuwa na namna ya kutazama. Majina yaliyoondolewa kwa mtu na bado hayajashikwa na mwingine huwa hivyo, hayana pa kukaa. Fundi alilisogezea kipande cha gazeti lisichafuke mafuta. Jina likalamba unga wa shaba uliomwagika chini ya tupa, likajikunja, likalala.

Lilikuwa jina la utani la baba yao, Ratili, kama kile kipimo cha uzito cha zamani. Watu walimwita hivyo kwa sababu hakuwahi kumpunja mtu, na hakuna aliyekumbuka aliitwaje kabla ya hapo.

Muuza nyama alipofuata mizani yake alilitazama jina kwa jicho la biashara.

"Fundi, na huyu kilo bei gani?"

"Ameshauzwa."

"Na nani?"

"Mdogo wangu."

"Yule mvaa tai? Yule angeuza hata kivuli chake, ila kimekonda mno."

"Chukua mizani yako, mzee, kabla hujanichekesha nikakuharibia."

Mdogo wake alifika siku iliyofuata akiwa na dalali wa majina, mtu mpole mwenye mkoba safi. Mnunuzi alikuwa kampuni inayouza mizani za betri. Dalali alikuwa na hasira kidogo, lakini si kwa sababu ya fundi.

"Nilikuambia uniulize kwanza," alimwambia mdogo mtu. "Ukibadilisha mwenye jina, msajili analitia kufuli siku sitini. Haliendi popote. Ulikuwa na haraka ya nini?"

"Niliogopa dada angeniwahi."

Alisema hivyo mbele ya dada yake, akichagua kiti kisicho na vumbi. Kisha akamuuliza kama kuna chai.

"Chai ipo," fundi alisema. "Ya watu wanaofanya kazi."

Kwa hiyo jina lilikaa karakanani mpaka muda wa kufuli ukaisha. Lilipenda kulala kwenye sahani ya mizani kubwa, ile ya baba, iliyosimama kando ya dirisha. Fundi alipokuwa akijibu barua za wateja, lilikuwa likipata joto, na wateja waliokuja siku za baridi walizoea kuweka viganja juu yake wakisubiri zamu.

Siku ya uhamisho dalali alieleza utaratibu bila kuruka kitu. Fedha za mnunuzi anazishika yeye, ili mnunuzi asiibiwe. Muuzaji hatoi msimbo wa kuhamishia mpaka fedha ziwe zimeshikwa, ili muuzaji asiibiwe. Kufuli haliondolewi mapema, ili mwizi asilinyakue jina njiani. Anwani zote za tovuti na za barua zinanakiliwa kabla, ili mteja akiandika asikute kimya.

"Hapo kila mtu yuko salama," alisema.

"Na mimi?" fundi akauliza.

Dalali alifungua mkataba, akaupitia ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa mtu mwaminifu.

"Wewe humo kwenye mauzo, mama."

Msajili mpya, wa upande wa mnunuzi, alitaka uzito wa jina, kama wasajili wote wanavyotaka. Mdogo mtu alikuwa ameshajaza kwamba ni jepesi, jina moja tu la kurithi. Fundi aliweka mawe kwenye sahani ya pili mpaka mawe ya karakana nzima yakaisha, akaongezea nondo na chuma cha kufulia visu, ndipo mkono wa mizani ukalala sawa.

"Tutenganishe mafungu," dalali alisema. Ni jambo la kawaida. Mwenye fungu katika uzito huo akiligusa jina, fungu lake linanyanyuka.

Walianza na marehemu. Fundi akatundua aproni ya baba ukutani, akaiweka juu ya jina. Sahani ikapanda kiasi, ikatulia. Aproni ikaondolewa, sahani ikashuka. Mdogo mtu akaweka mkono. Mkono wa mizani haukutikisika. Akavua saa, akaweka mikono yote miwili. Haukutikisika. Akakohoa, akarudi nyuma. Fundi akagusa kwa ncha ya kidole, na sahani ikaruka juu kwa nguvu hata mawe yakamwagika sakafuni na jiwe moja likamponda mdogo wake kiatu.

Dalali alingoja kelele zitulie.

"Mizani ni nzima?"

"Ina muhuri."

"Haya. Basi uzito wote naandika kwa muuzaji."

"Umeona mwenyewe," fundi alisema.

"Nimeona, mama. Nimeona vizuri kabisa." Na akaandika.

"Dada, usinitazame hivyo," mdogo wake alisema, akisugua kidole cha mguu. "Mizani haiweki sahihi."

Fundi hakupaza sauti. Alichukua bisibisi akakaza skrubu ya kitako cha mizani, iliyokuwa imekwisha kukazwa, akaendelea kuikaza mpaka kichwa chake kikakatika.

"Hamisha mwenyewe," akasema.

Mdogo mtu akaketi kwenye kompyuta. Hakunakili anwani hata moja. Alikwenda moja kwa moja kwenye kufuli, na kidole chake kilipokaribia kubonyeza, jina lilianza kupauka kuanzia pembeni na kuhema kama kitu kilichobanwa na mlango.

"Ondoka hapo," fundi akasema. "Utaliua."

Akafanya yote yeye. Alinakili anwani, akazilinganisha mara mbili. Alihakikisha barua ya kuthibitisha itafika mahali panaposomwa. Alimuuliza dalali kama fedha zimeshikwa, akaonyeshwa. Ndipo akaondoa kufuli, akachukua msimbo, akauweka mkononi mwa dalali bila kuutuma kwa simu ya mtu yeyote. Jina lilikataa kubebwa na mdogo wake, likateleza kila alipolikumbatia, kwa hiyo fundi alilitia kwenye mkoba wake wa vifaa na kulipeleka kwa msajili mpya, mdogo wake akitangulia kuonyesha njia.

Karani alilipokea juu ya kaunta, akaligeuza huku na huku.

"Hakuna hata mkwaruzo. Kazi safi. Nani kalihamisha?"

"Sisi," mdogo mtu akasema.

Jina lilimtazama fundi mpaka pazia la nyuma ya kaunta likafungwa.

Kwa kuwa anwani zilinakiliwa vizuri, hakuna barua iliyopotea. Wateja waliendelea kumwandikia Ratili kama zamani, na kampuni ya mizani za betri ikawajibu kwamba Ratili anawashukuru na ana bidhaa mpya. Muuza nyama alikwenda kununua moja. Alirudi kwa aibu kuomba itengenezwe.

"Ukiipenda sana ipeleke walikokuuzia," fundi alimwambia, lakini akaichukua.

Mizani ya baba ilibaki imeshusha sahani ile jina lilipokuwa likilala. Fundi aliifungua, akaisafisha, akaipaka mafuta, akabadilisha skrubu iliyokatika. Sahani haikupanda. Mkaguzi wa vipimo alipopita, aliijaribu kwa mawe yake mwenyewe, akasema haina kasoro, ila kuna kitu juu yake.

"Najua," fundi alisema.

Mkaguzi akaigonga muhuri, akaondoka.

Kila asubuhi fundi huifuta sahani ile kwa kitambaa, akizunguka mahali ambapo hakuna kitu. Kisha anavaa miwani na kukaa kuwasubiri wateja, ambao barua zao zote zinafika salama.